Tofu mara mbili kwa siku, na bado ninachoka

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34, kilo 62, naishi Mbeya. Ni mwaka na miezi minne sasa tangu niache nyama, samaki, mayai na maziwa, yaani nimekuwa vegani kabisa. Nilisoma kwamba tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, ndiyo inayoziba pengo la nyama, hivyo naila mchana na jioni. Naagiza kutoka Dar, na bei inauma. Miezi hii mitatu nachoka sana, nikipanda ngazi nahema, na usiku vidole vya miguu vinakufa ganzi. Mama anasema ni adhabu ya kukataa nyama. Mume wangu hataki hata kuonja tofu, anasema soya ina homoni za kike. Je, niongeze kiasi? Inaweza kutengenezwa nyumbani? Na kuna pakiti moja ilianza utelezi, nikaichemsha nikaila. Nilikosea?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu kwanza, maelezo baadaye: usiongeze tofu. Nenda ukapime damu, na uende wiki hii. Uchovu na kuhema kwenye ngazi huenda ni upungufu wa damu wa kawaida, unaotibika. Iliyonishtua ni ganzi. Ganzi inatoka kwenye neva, na kwa mtu aliyeacha kila kitokacho kwa mnyama kwa zaidi ya mwaka, cha kwanza kushukiwa ni vitamini B12. Tofu haina B12. Hata ukila kilo nzima kwa siku, hutaipata.

Hujakosea peke yako. Wengi wanaoacha nyama hudhani pengo lililobaki mezani lina jina moja tu, protini, kisha hutafuta kitu cha kulijaza. Tofu inalijaza vizuri sana. Ila hilo pengo, kwa mlo wa Mbeya, halikuwa kubwa kiasi hicho.

Tupige hesabu. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 62 ni kama gramu 50, na kwa kuwa protini ya mimea haimeng'enywi yote, tuseme 60 tuwe salama. Unga wa dona gramu 200, ambao ni ugali wa kushiba wa siku nzima, una gramu 16 hivi. Bakuli la maharage yaliyoiva, gramu 200, lina 17. Konzi ya karanga, gramu 30, inakupa 7 au zaidi kidogo. Tayari tumefika 40 na hatujagusa tofu. Ongeza kipande cha gramu 100 cha tofu ngumu, chenye kati ya gramu 12 na 17 kutegemea ilivyobanwa, na bakuli jingine dogo la kunde au choroko, umemaliza. Wewe uko Mbeya, ambako maharage yanapakiwa kwenye malori kwenda kulisha Dar es Salaam, halafu unaagiza protini kutoka Dar! Hapo ndipo pesa yako inapovujia.

Sisemi tofu haina maana. Soya ni miongoni mwa mimea michache ambayo protini yake inakaribia ubora wa protini ya yai au maziwa, kwa sababu ina amino asidi zote muhimu, yaani vijenzi vya protini, kwa viwango vinavyotosha au vinavyokaribia kutosha. Mahindi yana upungufu wa amino asidi iitwayo laisini, maharage yana upungufu wa nyingine iitwayo methionini, na ndiyo maana ugali na maharage vinafaana. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikikutana ndani ya siku moja inatosha. Tofu inasaidia pia mtu anayejaa gesi akila maharage, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari zinazoleta gesi hubaki kwenye maji na machicha wakati wa kuitengeneza.

Zawadi yake nyingine ni kalsiamu, lakini si kila tofu. Soma kwenye pakiti imegandishwa kwa kitu gani. Iliyogandishwa kwa salfeti ya kalsiamu, yaani jasi ya daraja la chakula, inaweza kuwa na miligramu 350 za kalsiamu kwa gramu 100, na zile ngumu zaidi hufika hata 600 na kitu. Mtu mzima wa umri wako anahitaji 1,000 hivi kwa siku. Iliyogandishwa kwa limau, siki au kloridi ya magnesiamu ina kidogo sana kuliko hiyo. Kwa mtu asiyekunywa maziwa wala kula dagaa, tofauti hiyo si ndogo. Mchicha usikudanganye: una kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini oksaleti zake huishika na mwili huambulia kidogo. Majani ya jamii ya kabichi, kama sukuma wiki na figiri, ni afadhali.

Sasa turudi kwenye B12, maana hapo ndipo penye kazi. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, si na mimea wala wanyama. Sisi huipata kwa kula wanyama walioihifadhi mwilini mwao. Ini la mtu aliyekuwa akila nyama vizuri linaweza kuwa na akiba ya miaka miwili, mitatu, hata zaidi, ndiyo maana mtu huacha nyama leo na kuona yuko salama kwa muda mrefu. Ila wengi wetu hatukuanza na ghala lililojaa. Nyumba nyingi nyama ni ya Jumapili na ya wageni. Ukiacha kutoka kwenye akiba ndogo, mwaka na miezi minne ni muda wa kutosha.

Kuna mtego mwingine ambao hata wahudumu wa afya huuruka. Mlo wa majani na maharage una foleti nyingi, yaani vitamini B9, na foleti inaweza kuficha dalili za upungufu wa B12 kwenye damu. Damu inaonekana nzuri, huku neva zinaendelea kuharibika kimyakimya, na neva zikicheleweshwa sana hazirudi zote. Tena, upungufu wa madini ya chuma hufanya seli nyekundu ziwe ndogo na upungufu wa B12 huzifanya ziwe kubwa. Ukiwa na vyote viwili, wastani unaweza kusomeka "kawaida" kwenye karatasi ya majibu. Kwa hiyo kipimo cha FBP, yaani picha kamili ya damu, peke yake hakitoshi. Omba na B12 yenyewe na feritini, ambayo ndiyo kipimo cha akiba ya chuma. Ikibidi sampuli ipelekwe hospitali ya rufaa, subiri, ni pesa iliyokwenda mahali pake. Mweleze daktari kwamba wewe ni vegani na kwamba miguu inakufa ganzi, kwa maneno hayohayo, asije akakuandikia dawa ya malaria ukaondoka. Na kama unatumia metformini kwa ajili ya sukari, litaje hilo pia, kwa kuwa dawa hiyo nayo hushusha B12.

Usianze kumeza vidonge kabla ya kutolewa damu, utavuruga majibu. Baada ya hapo, daktari akikuta upungufu, huenda akakuanzisha kwa sindano. Ukishapona, utahitaji B12 ya kudumu kwa muda wote utakaokuwa vegani. Mahitaji ya mwili ni maikrogramu 2.4 kwa siku, lakini ufyonzaji wa kidonge ni hafifu, hivyo kipimo kinachotumiwa na vegani wengi ni maikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Kuna jambo moja la kuangalia ukiwa duka la dawa. Ukisema "nataka B12" mara nyingi utapewa vile vidonge watu wanavyoviita vya neva, vyenye B1, B6 na B12 pamoja. Chapa kadhaa zina miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. B6 nyingi ikinywewa kwa miezi na miezi, yenyewe huleta ganzi. Ni vidonge vya tiba ya muda chini ya daktari, si vya maisha. Tafuta B12 pekee, au multivitamini ya kawaida yenye kipimo kinachofaa. Spirulina na mwani mwingine usivitegemee. Kilichomo kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili hauwezi kukitumia.

Chuma nacho. Tofu, maharage, dengu na majani yana chuma cha kutosha, tatizo ni kukifyonza. Fitati, kemikali za asili zilizomo kwenye soya na kwenye pumba za dona hukishika, na chai humalizia kazi. Nina hakika, bila kukuona, kwamba unakunywa chai ya rangi pamoja na chakula au mara tu baada yake. Sogeza chai mbali, saa moja au zaidi, na badala yake kamulia limau kwenye mboga, au kula chungwa, pera, papai. Vitamini C ikiwemo kwenye mlo uleule, ufyonzaji wa chuma hupanda mara kadhaa. Kuloweka maharage na kumwaga maji yake, na kutumia unga uliovundikwa au kimea kwenye uji, navyo hupunguza fitati. Kama hedhi yako ni nzito, mwambie daktari. Hapo chakula peke yake huenda kisitoshe.

Mama yako umwambie si adhabu, ingawa si mbali na ukweli: nyama ilikuwa inakupa kitu ambacho hujakitafutia mbadala. Nakuonea huruma na suala la jina pia. Kwa Kiswahili chetu cha mezani, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, hata samaki na nyama ni mboga. Ukimwambia mkweo "nakula mboga tu", atakupikia dagaa kwa upendo mkubwa na hutakuwa na la kumlaumu.

Sasa mume. Hofu yake ina asili, hajaiokota hewani. Miaka ya 1940 huko Australia Magharibi kondoo waliolishwa aina fulani ya majani ya klova walianza kuwa tasa, na ikagundulika kwamba majani yale yalikuwa na isoflavoni, jamii ileile ya kemikali zilizomo kwenye soya. Isoflavoni zina umbo linalofanana kidogo na estrojeni, homoni ya kike, zikapewa jina la "estrojeni za mimea", na jina hilo limewaogopesha wanaume mpaka leo. Lakini kondoo wale walikuwa wanakula majani hayo kutwa kucha, na bakteria wa tumbo lao huyageuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Binadamu si kondoo. Isoflavoni hushika vipokezi vya homoni kwa udhaifu sana, na tafiti nyingi zilizokusanywa na kupimwa pamoja, mwaka 2010 na tena 2021, hazikuona testosteroni, homoni ya kiume, ikishuka kwa wanaume kwa kula soya. Yupo mzee mmoja wa miaka 60 aliyeandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2008 kwamba alivimba matiti. Alikuwa anakunywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku, na alipoacha akapona. Kipande cha tofu cha gramu 100 kina isoflavoni miligramu 25 hadi 30 hivi, kiasi ambacho wazee wa Japani wanakula siku zote. Mwambie mumeo kwamba uji wa lishe aliolelewa nao huenda ulikuwa na soya, na bado akakuoa.

Kwa saratani ya matiti, ambalo wanawake huniuliza kwa sauti ya chini, vyakula vya soya vya kawaida havijaonekana kuongeza hatari. Pale ninapoweka tahadhari ya kweli ni kwa mtu anayemeza dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini. Soya hupunguza ufyonzaji wake, hivyo dawa inywewe tumbo tupu, mbali na mlo wa soya. Na chumvi yako iwe yenye madini joto, kwa kuwa samaki hawapo tena.

Kutengeneza nyumbani inawezekana, tena wewe umekaa jirani na chanzo. Soya ililetwa nchini mwaka 1907, ikajaribiwa Amani kule Usambara, na leo inalimwa sana Ruvuma, Njombe na huko kwenu. Kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa mbegu zinazobeba jina lake. Mwaka 2020 China ilifungua mlango wa kununua soya yetu. Tunauza punje, halafu tofu tunaiagiza. Haya.

Anayejua kukamua tui la nazi anajua nusu ya kazi. Chagua nusu kilo ya soya, loweka usiku kucha. Kwa baridi ya Mbeya ipe muda wa saa 12. Osha, saga kwenye blenda na maji, jumla yasizidi lita nne. Ukisagia maji ya moto sana, ile harufu ya ubichi wa maharage hupungua, maana kimeng'enya kinachoileta hufa papo hapo. Weka sufuria kubwa motoni, usiondoke. Soya hufura kuliko maziwa, na povu lake likimwagika jikoni utaapa hurudii tena. Likishachemka, punguza moto, koroga dakika 10 kamili. Dakika hizo si za urembo: soya mbichi ina vitu vinavyozuia umeng'enyaji wa protini na lazima viuawe kwa moto. Ndiyo maana hata soya ya kuweka kwenye uji hukaangwa kwanza kabla ya kupelekwa mashineni, na anayeruka hatua hiyo humharisha mtoto.

Chuja kwa kitambaa safi, kamua. Wa Pwani watatumia kifumbu. Machicha usiyatupe, yakikaangwa na kitunguu, pilipili hoho na bizari yanakuwa kitoweo, au changanya kwenye kababu za viazi. Tui lirudishe motoni hadi likaribie kuchemka, epua, acha litulie dakika chache. Changanya vijiko vinne vya chakula vya maji ya limau au siki kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mwagia nusu, koroga polepole mara mbili tatu tu, funika. Baada ya dakika tano mwagia iliyobaki. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe juu, maji ya manjano yaliyo angavu chini. Maji yakiwa bado meupe, ongeza kidogo. Teka mabonge, weka kwenye chujio lenye kitambaa, kunja, gandamiza kwa kitu kizito nusu saa. Nusu kilo ya soya hukupa takriban gramu 700 hadi 900.

Ya limau ni tamu lakini, kama nilivyosema, kalsiamu yake ni ndogo. Ukipata salfeti ya kalsiamu iliyoandikwa ni ya chakula, tumia vijiko vitatu vya chai. Usithubutu kutumia jasi ya mafundi wa dari. Imetoka kwenye mwamba uleule lakini haijasafishwa kwa ajili ya tumbo lako. Wajapani hutumia nigari, maji machungu yanayobaki baada ya chumvi ya bahari kuganda. Majaruba ya chumvi ya Bagamoyo yana maji hayo tele, ila sipendekezi uyachote tu na kuyatia kwenye sufuria.

Kuhusu ladha, tofu haina, na haidai kuwa nayo. Ibane maji vizuri, ikate, ipake tangawizi, saumu, ukwaju na pilipili, iache saa moja, kisha kaanga mpaka iwe na ngozi. Ndipo uitie kwenye mchuzi wa nazi, mwishoni. Anayeitia mbichi mwanzoni hupata vipande vinavyoteleza na kumlaumu Mchina. Ukiigandisha kwenye friza usiku mmoja halafu ukaiyeyusha na kuikamua, inakuwa kama sifongo na kunywa viungo vyote. Hiyo ndiyo ninayoitumia kwa mishikaki. Bei ikikushinda, zile chembe kavu zinazouzwa kama nyama ya soya ni nafuu, na karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Nazo hazina B12.

Ukienda mgahawa wa Kichina usidhani neno tofu linakulinda. Kwao tofu haikuzaliwa kuwa mbadala wa nyama. Mapo doufu, mlo wa tofu wa jimbo la Sichuan, hupikwa na nyama ya kusaga, na michuzi mingi ina chaza au samaki. Hata hivyo mzaha wa kuilinganisha na nyama ni wa zamani kuliko sisi: maandishi ya China ya karne ya 10 yanamtaja afisa mmoja mbanaji aliyekuwa ananunua tofu kila siku badala ya nyama, na watu wa mji wakaibandika jina la kondoo mdogo.

Ile pakiti ya utelezi, ndiyo, ulikosea. Kuchemsha huua bakteria wengi lakini baadhi ya sumu walizokwisha kuziacha hustahimili moto. Tofu iliyofunguliwa kaa nayo kwenye friji, ndani ya maji safi, ubadilishe maji kila siku, na uimalize ndani ya siku tatu hadi tano. Ikianza utelezi, uchachu au rangi ya waridi, itupe. Majibu ya damu yakitoka niandikie tena, unitajie na namba za feritini na B12, si neno "kawaida" peke yake.